Jeneza Ndani ya Behewa: Maiti, Reli na Haki za Wafiwa

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa vyama vya kufa na kuzikana. Imeandikwa upya kwa ajili ya wasomaji.)

Ndugu mwenyekiti, viongozi wa vyama, wazee wangu, mama zangu, na ninyi vijana mnaoshika madaftari ya michango: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na kwa wote, habari za asubuhi.

Mmeniomba nizungumzie historia ya kusafirisha maiti kwa reli. Nimekubali kwa moyo mmoja, kwa sababu kila aliyewahi kukaa kwenye kikao cha msiba anajua maswali yanayofuata baada ya kilio cha kwanza. Tunazika wapi? Usafiri ni shilingi ngapi? Nani anaongozana na mwili? Maswali hayo si yetu peke yetu. Karne ya 19, treni ilipoanza kufupisha safari, Waingereza na Wamarekani waliulizana vilevile, na majibu yao yakaandikwa kuwa sheria, kanuni na bei. Nimezisoma nyingi kati ya hizo nikijiweka mahali pa mfiwa. Nilichokiona ndicho nitakachowaeleza leo: kanuni za kumlinda abiria mzima asiambukizwe ziliandikwa mapema na kwa kirefu. Kanuni za kumlinda mfiwa asinyonywe wala asifichwe ukweli zilikuwa chache, na nyingi zilipatikana pale tu mtu alipozidai.

Tuanzie London. Mwaka 1801 mji huo ulikuwa na watu karibu milioni moja. Ilipofika 1851 walikuwa wanakaribia milioni mbili na nusu, lakini viwanja vya kuzikia vilikuwa vilevile vya zamani, vimezunguka makanisa katikati ya makazi. Kaburi la juzi lilifukuliwa ili maiti wa leo apate nafasi. Kipindupindu cha mwaka 1848 na 1849 kiliua watu zaidi ya 14,000 mjini humo, na baada ya hapo Bunge halikuwa na pa kukwepea. Mwaka 1852 lilipitisha sheria iliyofungua njia ya kufunga makaburi ya katikati ya mji, na mwaka huohuo likaidhinisha kampuni ya kuanzisha makaburi mapya Brookwood, katika jimbo la Surrey, kilometa 37 kutoka London. Kwa gari la farasi, umbali huo ungemaliza siku nzima na akiba yote ya maskini. Jibu likawa treni.

Novemba 1854 treni ya kwanza ya mazishi iliondoka kwenye stesheni iliyojengwa maalumu karibu na Waterloo. Reli pale ilipita juu ya matao, kwa hiyo majeneza yalipandishwa kutoka chini kwa mashine ya mvuke hadi usawa wa behewa. Kulikuwa na vyumba vya wafiwa kusubiri, na treni yenyewe iliondoka kila siku muda mfupi kabla ya saa sita mchana, ikafika makaburini, watu wakazika, ikawarudisha mjini jioni haijaingia. Waliozikwa wa kwanza kabisa Brookwood walikuwa watoto mapacha waliozaliwa wakiwa wamekufa, wa familia maskini ya upande wa Southwark. Nimeona niwataje hao kabla ya watu wakubwa nitakaowataja mbele.

Si kila mtu aliyekubali. Tangu mwaka 1842, Askofu wa London, Charles Blomfield, aliiambia kamati ya Bunge kwamba haraka na kelele za reli haziendani na heshima ya mazishi ya Kikristo. Alihofia pia kwamba mwili wa mtu aliyeishi maisha ya anasa na uovu ungepakiwa pamoja na mwili wa muumini mwema, na ndugu wa yule mwema wangeumia. Kampuni ya reli nayo ilikuwa na hofu yake: abiria wa kawaida wangekataa kupanda mabehewa wakijua jana yake yalibeba maiti. Kwa hiyo mabehewa ya mazishi yakatengwa na ya abiria wengine. Kisha ndani ya treni hiyohiyo watu wakatengwa tena. Waanglikana upande wao, wa madhehebu mengine upande wao, na kila kundi likagawanywa daraja la kwanza, la pili na la tatu. Makaburini kulikuwa na stesheni mbili, ya kaskazini kwa wasio Waanglikana na ya kusini kwa Waanglikana.

Na majeneza pia yaligawanywa kwa madaraja. Hapo naumia kila ninaposoma. Marehemu hajui godoro wala benchi la mbao, lakini tiketi yake ilikuwa na daraja.

Sasa sikilizeni bei, kwa sababu hapa kuna jambo la kujifunza. Sheria ya Bunge yenyewe ndiyo iliyoweka ukomo wa nauli. Mfiwa wa daraja la kwanza alilipa shilingi sita kwenda na kurudi, wa daraja la pili shilingi tatu na pensi sita, wa daraja la tatu shilingi mbili. Jeneza lilikatiwa tiketi ya kwenda tu: pauni moja daraja la kwanza, shilingi tano daraja la pili, shilingi mbili na pensi sita daraja la tatu. Pauni moja ya wakati ule ilikuwa shilingi 20, na shilingi moja pensi 12, maana yake jeneza la tajiri lililipa mara nane ya jeneza la maskini, kwa reli ileile, mwendo uleule, kuelekea udongo uleule. Mtu anaweza kusema huo ni ubaguzi, na ni kweli. Lakini tazameni upande wa pili. Kwa kuwa bei iliwekwa na sheria, kampuni haikuweza kuipandisha saa ambayo mtu ana machozi na hana nguvu ya kubishana. Nauli zile hazikubadilika kwa sehemu kubwa ya uhai wa reli hiyo, uliokaribia miaka 90. Baadaye zikawa chini ya nauli za kawaida kiasi kwamba wapo wachezaji wa gofu waliovaa nguo za msiba ili wapande treni hiyo.

Kuna kifungu kingine ninachokiheshimu zaidi ya bei. Katika makaburi mengi ya mjini maskini walizikwa shimo moja, majeneza juu ya majeneza, na shimo likabaki wazi hadi lijae. Brookwood hilo lilikatazwa. Hata aliyezikwa kwa fedha za parokia, bila ndugu wa kulipia chochote, alipewa kaburi lake peke yake. Haki yake iliishia hapo, kwa kuwa hakuruhusiwa kuwekewa jiwe la kudumu. Lakini hakulazwa juu ya mtu wala mtu hakulazwa juu yake. Hilo lilitokea kwa sababu liliandikwa. Huruma ya mwenye kampuni ingekuwepo leo, kesho isiwepo.

Stesheni ya London ilipigwa bomu usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 1941, na treni ile haikurudi tena. Wakati huo zaidi ya watu 200,000 walikuwa wamezikwa Brookwood. Mabehewa ya kawaida ya Uingereza yaliendelea kubeba majeneza kwa miongo mingine kadhaa, hadi mwaka 1988 shirika la reli lilipoacha kabisa huduma hiyo. Mwaka 2001 mwili wa Jimmy Knapp, aliyekuwa katibu mkuu wa chama cha wafanyakazi wa reli, ulisafirishwa kwa treni kutoka London hadi Kilmarnock kuzikwa kwao. Nadhani mnaelewa kwa nini wafanyakazi wenzake walitaka iwe hivyo.

Twende Marekani, ambako umbali ni mkubwa na kanuni zilikuwa kali zaidi.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe, mwaka 1861 hadi 1865, viliua watu wasiopungua 620,000. Vijana wa kaskazini walifia kusini, mamia ya kilometa kutoka kwao, na wazazi waliokuwa na uwezo walitaka miili irudi. Kampuni za kusafirisha vifurushi zilikubali, kisha zikaanza kukataa majeneza ya mbao, maana mwili ukikaa siku nne kwenye joto la Virginia hakuna mbao inayozuia kitu. Zikataka majeneza ya chuma yaliyofungwa hewa isipite. Hapo ndipo wataalamu wa kuhifadhi miili kwa dawa walipopata soko. Walifuata majeshi na mahema yao, na wakamtoza ndugu wa afisa zaidi ya ndugu wa askari wa kawaida. Wapo waliofanya kazi kwa uaminifu. Wapo pia waliowanyonya wafiwa, hadi jeshi likatoa amri mwezi Machi 1865 kwamba hakuna atakayehifadhi maiti bila leseni na bila kuonyesha kwamba anaijua kazi. Angalieni mwaka: vita vilikuwa vimebakiza wiki chache kumalizika. Miaka minne ya unyonyaji ilipita kwanza.

Wiki chache baadaye Rais Abraham Lincoln aliuawa, na nchi nzima ikaona maiti ikisafiri kwa treni. Msafara uliondoka Washington tarehe 21 Aprili 1865 ukafika Springfield, Illinois, tarehe 3 Mei. Wizara ya Vita iliandika kanuni za safari ile: mwendo usizidi maili 20 kwa saa, yaani kilometa 32, na treni ya kutangulia ipite dakika kumi mbele kuhakikisha njia iko salama. Ndani ya behewa hilohilo kulikuwa na jeneza la pili, dogo, la mtoto wake Willie, aliyefariki mwaka 1862. Alitolewa alipokuwa amehifadhiwa Washington ili azikwe nyumbani pamoja na baba yake. Mtaalamu wa kuhifadhi mwili alisafiri nao mwanzo hadi mwisho, akirekebisha uso wa Rais kila kituo, kwa kuwa ulizidi kuwa mweusi siku zilivyosonga. Safari hiyo ndiyo iliyowafanya Wamarekani wa kawaida wazoee wazo la mwili kutiwa dawa ili uweze kusafiri.

Miaka ya 1880 na 1890 mabodi ya afya ya majimbo, wakuu wa mizigo wa kampuni za reli, na chama cha kitaifa cha watoa huduma za mazishi walikaa pamoja wakatunga kanuni za kufanana, kwa sababu maiti iliyovuka majimbo matatu ilikuwa inakutana na sheria tatu. Naomba niwapitishe kwenye kanuni hizo polepole, kana kwamba sisi ndio tuko kwenye stesheni na jeneza letu.

Kwanza mkuu wa mizigo anauliza chanzo cha kifo. Ukisema ndui, kipindupindu, homa ya manjano au tauni, safari imeishia hapo, mzikeni hapahapa. Ukisema dondakoo au homa nyingine ya kuambukiza, mwili lazima uwe umeshughulikiwa na mtaalamu mwenye leseni ya bodi ya afya: dawa imeingizwa kwenye mishipa na kwenye mashimo ya mwili, matundu yote yamezibwa kwa pamba, mwili umeoshwa kwa dawa ya kuua vijidudu, umezungushiwa pamba nene, ukafungwa shuka, ukawekwa ndani ya jeneza la zinki, bati, shaba au risasi lililochomelewa. Ukisema ugonjwa usioambukiza, jeneza zima la mbao ndani ya sanduku imara linatosha, mradi mwili utafika kabla muda uliowekwa tangu kifo haujapita. Muda huo ukishindikana, turudi kwenye dawa.

Kisha zinadaiwa karatasi. Kuna kibali cha safari chenye jina la marehemu, umri wake, siku na mahali alipofia, ugonjwa uliomuua, na mahali anapokwenda. Cheti cha daktari kinaambatanishwa. Nakala moja ya maelezo hayo inagundishwa kwa gundi kwenye ubavu wa sanduku ili kila mhudumu anayelipokea alisome bila kulifungua. Halafu tiketi. Maiti ilikatiwa tiketi ya abiria wa daraja la kwanza hata ingawa ilipanda behewa la mizigo. Na lazima awepo mtu wa kuisindikiza, mwenye tiketi yake mwenyewe, aliyeko kwenye treni hiyohiyo.

Kifungu hicho cha msindikizaji ni cha kampuni. Kiliandikwa ili kila treni inapobadilishwa awepo wa kuwajibika, na ili jeneza lisije likaachwa limesimama stesheni bila mwenyewe. Hata hivyo kilimpa mfiwa kitu ambacho hakuna aliyekusudia kumpa: haki ya kutomwacha mtu wake peke yake njiani. Sisi hatuhitaji kufundishwa hilo. Kwetu mwili hauachwi usiku mmoja bila mtu wa kukesha nao. Lakini tiketi ya msindikizaji ilikuwa fedha, na ambaye hakuwa nayo alizika mbali akaandika barua nyumbani.

Sasa niwaeleze habari ya watu waliokuwa kama sisi. Wachina waliokwenda California tangu miaka ya 1850 walijiunga katika vyama vya watu wa wilaya moja, wakachangia ada, na moja ya kazi za vyama hivyo ilikuwa kuhakikisha mwanachama akifa mifupa yake inarudi kijijini kwake. Mwili ulizikwa kwanza. Baada ya miaka ukafukuliwa, mifupa ikasafishwa, ikaandikwa jina, ikasafirishwa hadi San Francisco, kisha kwa meli hadi Hong Kong, ambako hospitali ya Tung Wah iliipokea na kuipeleka vijijini. Maelfu ya Wachina hao ndio waliojenga reli ya Central Pacific kupita milima ya Sierra Nevada. Mwezi Juni 1870, mwaka mmoja baada ya reli kukamilika, gazeti moja la Sacramento liliripoti treni iliyowasili na mifupa ya Wachina waliokadiriwa kufika 1,200. Watu walirudi kwa reli waliyoijenga kwa mikono yao.

Jimbo la California lilifanya nini? Mwaka 1878 lilipitisha sheria ya kufukua na kuhamisha miili, likaweka ada ya dola kumi kwa kila kibali. Sheria ilizungumza lugha ya afya ya jamii. Wanaofukua na kurudisha mifupa kwao walijulikana ni akina nani. Kesi ilifika mahakama ya shirikisho mwaka 1880, na mahakama ikaipitisha sheria hiyo. Vyama vikalipa, vikaendelea kurudisha watu wao. Ndugu wanachama, mkisikia kanuni yoyote ya afya inayohusu maiti, iheshimuni, na papo hapo ulizeni ada yake inamwangukia nani.

Hapa Afrika Mashariki tuna deni la namna hiyo kwenye kumbukumbu zetu. Reli ya Uganda, iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 ikafika Ziwa Victoria mwaka 1901, ilijengwa na vibarua 31,983 walioletwa kutoka India. Kati yao 2,498 walikufa. Hao hawakuwa na chama cha kuwarudisha wala kanuni ya kuwapakia. Walizikwa au kuchomwa kandokando ya njia. Waafrika waliokufa wakibeba mizigo na kufyeka misitu kwa ajili ya reli ileile hawakuhesabiwa hata kwa kiwango hicho.

Nirudi Marekani kwa jambo moja tu, na nitakaa nalo, maana ndilo lililonifanya nianze kuzisoma kanuni hizi.

Baada ya mwaka 1916 mamilioni ya Wamarekani weusi walihama kusini kukimbilia miji ya kaskazini, Chicago, Detroit, New York. Wengi walipofariki walirudishwa kusini kwa treni, wazikwe karibu na mama na bibi. Mwaka 1955 jeneza moja lilisafiri kinyume. Emmett Till, mtoto wa miaka 14 kutoka Chicago, alikwenda kuwatembelea ndugu zake Mississippi. Alichukuliwa usiku nyumbani kwa mjomba wa mama yake na wazungu waliomtuhumu kwamba alimkosea heshima mwanamke mzungu dukani, akateswa, akauawa, akatupwa mto Tallahatchie. Mwili ulionekana tarehe 31 Agosti. Viongozi wa huko walitaka azikwe siku hiyohiyo hukohuko. Mama yake, Mamie Till, akakataa, akataka mwanawe arudi nyumbani.

Aliruhusiwa kusafirishwa kwa treni ya Illinois Central, lakini kwa masharti: sanduku lifungwe, na lisifunguliwe. Mzikaji wa Chicago alikuwa ametakiwa kuahidi hivyo. Tarehe 2 Septemba sanduku likawasili. Kwa macho ya kanuni kila kitu kilikuwa sawa. Mwili uliotoka majini, uliokaa siku kadhaa kwenye joto, unastahili kufungwa vizuri. Lakini lakiri ile ilikuwa inafunga na kitu kingine. Mama yake akasema litafunguliwa, na kama hakuna wa kulifungua atalifungua mwenyewe. Likafunguliwa. Akamtazama mwanawe kuanzia miguuni hadi kichwani ili awe na uhakika ndiye. Kisha akaamua jeneza likae wazi kanisani, watu waone walichomfanyia. Makumi ya maelfu walipita kumwona, picha zikachapishwa kwenye magazeti ya watu weusi, na kizazi kizima cha wapigania haki za raia kilisema baadaye kwamba picha zile ndizo zilizowaamsha.

Wazee wangu, mnajua kwa nini nakaa hapa. Leo majeneza yaliyofungwa yanashuka kwenye viwanja vyetu vya ndege. Vijana wetu wa kike wanaokwenda Ghuba kufanya kazi za nyumbani, kutoka Kenya, Uganda na hapa kwetu, baadhi yao wanarudi ndani ya sanduku lenye karatasi inayosema moyo ulisimama. Familia inaambiwa msifungue, ni hatari kwa afya. Mara nyingine ni kweli ni hatari. Mara nyingine familia imefungua, imeona isivyotarajia, na imebaki na maswali ambayo hakuna ofisi inayoyapokea.

Mataifa kadhaa yalikwisha kukaa na jambo hili zamani. Tarehe 10 Februari 1937, mjini Berlin, yalitia saini mkataba kuhusu kusafirisha maiti kuvuka mipaka. Mkataba ule umejaa vipimo. Jeneza la ndani lisipitishe maji, na chini yake kuwe na tabaka la sentimita tano la vumbi la mbao, unga wa mkaa au kitu kingine kinachonyonya unyevu, pamoja na dawa ya kuua vijidudu. Lichomelewe. Liingizwe ndani ya jeneza la mbao lenye unene usiopungua sentimita tatu, lifungwe kwa skrubu zisizoachana zaidi ya sentimita 20, likazwe kwa mikanda ya chuma. Aliyekufa kwa tauni, kipindupindu, ndui au taifasi asisafirishwe kabla ya mwaka mmoja. Kwa upande wa reli, jeneza lipande behewa lililofunikwa. Kisiwemo kitu kingine humo ila mashada na maua. Lipitishwe njia ya haraka kuliko zote, na lisihamishwe behewa hadi behewa ikiwezekana. Mtu aliyeandika sharti la mashada na maua alikuwa amewahi kuona jeneza limewekwa katikati ya magunia.

Katika mkataba huohuo, kila maiti lazima iwe na hati yake ya kupita mpakani, na hati hiyo itaje jina, umri, mahali, tarehe, na chanzo cha kifo. Chanzo cha kifo kilitakiwa kwa sababu ya maambukizi, ili nchi inayopokea ijue inapokea nini. Lakini mfiwa akiishika karatasi hiyo, imekuwa ushahidi wake. Inaonyesha nani alisema nini kuhusu kifo hiki, na lini. Kwa hiyo nawasihi viongozi wa vyama: mwili ukitoka nje ya nchi, msiridhike na namba ya ndege. Ombeni nakala ya hati zote kabla mwili haujapakiwa. Muulizeni daktari aliyesaini ni wa hospitali gani. Na kama familia inataka kufungua, msiwaache wafungue peke yao uani kwa patasi. Ombeni ifanyike hospitali, mbele ya daktari na afisa wa afya, kwa usalama, na iandikwe kilichoonekana.

Upande wa usafiri wa ndani, treni kwetu si njia kuu ya maiti. Ni mabasi na magari ya kukodi, kutoka hapa hadi Bukoba, Moshi, Mbeya, Kigoma. Bei mnazijua ninyi kuliko mimi, na mnajua zinavyotajwa: kwa simu, usiku, na mtu anayejua kwamba huna muda wa kuuliza kwingine. Ninachokipendekeza kwa kikao cha mchana ni kidogo na kinawezekana. Vyama vyetu vikae pamoja, vidai kutoka kwa wenye magari bei zilizoandikwa kwa kila njia, zisainiwe kwa mwaka mzima, na chama kitakachokuta bei tofauti siku ya msiba kiwe na karatasi ya kuonyesha. Na kwenye katiba za vyama, nauli ya msindikizaji mmoja iwekwe ndani ya mfuko wenyewe, isisubiri mchango wa papo kwa papo. Baadhi ya vyama vina kifungu hicho tayari. Naomba makatibu wao wakisome kwa sauti mchana ili wengine wanakili.

Mwenyekiti, nimemaliza yangu. Nakala za nauli za mwaka 1854 na za kanuni za vibali nimeziacha mezani kwa katibu, kwa atakayependa kuzisoma kabla ya kikao.